Meza Tatu za Zimbuko

Njia aliyopita fundi Sefu Chambuso kutoka Muheza hadi nchi ya Zimbuko haina la kusimulia. Kulikuwa na vumbi, kulikuwa na askari wa mpakani aliyekuwa anasinzia, basi. Tuanzie pale aliposhusha sanduku lake la zana na ubao wa mninga mbele ya nyumba ya wageni ya serikali, akamwona bwana mmoja wa makamo, mnene, kavaa suti na tai, anaingia ndani kwa dirishani. Bwana yule alitanguliza mkoba, kisha mguu, kisha akakwama kiunoni, na mtumishi akamsukuma kwa nyuma kwa adabu zote. Mlango ulikuwa wazi, hatua mbili tu kutoka hapo. Sefu alidhani ameona mwizi mwenye cheo.

Aliyemtoa ujinga ni mwenyeji wake, Katibu Machupa wa Kamati ya Kutengana, aliyekuja kumpokea huku anatembea kiubavu, mgongo umegandana na ukuta wa jengo. Palipokosekana ukuta, tarishi wake alimshikia ubao nyuma, wakasogea pamoja pole pole. Katibu alieleza kwamba bwana wa dirishani ni mheshimiwa kutoka kwa watu wa Dirisha, na watu wa Dirisha hawapiti mlangoni tangu enzi za mababu. Yeye Katibu ni mtu wa Ukuta, na mtu wa Ukuta haachi mgongo wake wazi. Waliobaki ni watu wa Mlango, ambao hawana mila ya ajabu isipokuwa kusimama katikati ya kila mlango na kuzuia wengine kupita. Makabila haya matatu yamechukiana tangu dunia iumbwe, alisema Katibu, na baada ya siku tisa yatatengana kabisa, kila moja liwe na nchi yake, ukuta wake na wimbo wake.

Hiyo "tangu dunia iumbwe" ilikuwa miaka sabini na moja. Wakati nchi iko mikononi mwa watu wa ng'ambo, afisa mmoja aliandikiwa na wakubwa zake awaorodheshe wenyeji kwa makabila. Akaulizia, akaambiwa hapa hakuna makabila, kuna watu tu, lugha moja, chakula kimoja, na ngoma moja ambayo hakuna anayeicheza vizuri. Jibu hilo halikuwa na nafasi kwenye fomu. Basi akawaita wote kwenye ukumbi wa serikali, siku ya mvua kubwa, akaweka meza tatu na makarani watatu: moja mlangoni, moja dirishani, moja ukutani. Kila mtu akapanga foleni alipojisikia. Jioni afisa akajumlisha, akaandika kwamba nchi ina makabila matatu ya kale yenye uadui wa jadi. Uadui aliuongeza mwenyewe, kwa kuwa fomu iliuliza.

Baada ya hapo kazi ikawa rahisi. Watu wa Dirisha walisemekana wana macho makali, wakapewa ukarani. Watu wa Mlango walisemekana ni walinzi wa kuzaliwa, wakapewa bunduki. Watu wa Ukuta walisemekana wana migongo imara, wakapewa mawe ya kubeba. Watu wa ng'ambo walipofungasha, wakaacha bendera, wimbo na zile meza tatu, na wenye nchi wakavirithi vyote kwa shangwe. Haikuchukua muda kila meza ikapata wataalamu wake wa historia, mashujaa wake, na vijana wa kuandamana kudai nchi yao.

Kisha kikaja kile kiangazi ambacho huko wanakiita Kiangazi cha Viti, na hapo mzaha unakoma kidogo. Vijana walifunga barabara kwa viti, wakawa wanasaka watu wa meza nyingine. Shida ni kwamba kwa sura hawakujulikana nani ni nani. Basi walikuwa wanamsimamisha mpita njia mbele ya nyumba yenye mlango na dirisha, wanamwambia, ingia. Watu wengi walikufa kwa sababu siku hiyo walikuwa wamechoka na mlango ulikuwa karibu. Mila za kupita dirishani na kutembea ukutani zilikolea baada ya hapo, maana mtu alitaka ajulikane toka mbali. Ikatungwa na sheria kwamba watu wa meza mbili tofauti wasizungumze ila kwa shughuli za serikali.

Fundi Sefu hakuitwa kuja kusikiliza historia. Aliitwa kwa sababu ya mguu. Siku ya Kutengana, kila kabila lilipaswa kubeba meza yake kutoka ukumbini na kuipeleka katika mji mkuu wake mpya, na Meza ya Mlango ilikuwa imeliwa na mchwa mguu mmoja. Maseremala wa ndani hawakuaminika, kwani kila mmoja alikuwa na meza yake moyoni, ndiyo maana akatafutwa mgeni. Sheria ikaongeza kwamba fundi anayetengeneza meza ya kabila moja alale kwa kabila lingine, asije akapendelea. Kwa hiyo Sefu akapelekwa kulala kwa mtu wa Dirisha, bibi mmoja mjane aliyekaa kibanda kinachotazamana na ukumbi. Alipofika akapita mlangoni. Bibi akapita mlangoni nyuma yake.

Sefu alimwamkia, akaitikiwa, akauliza kwa heshima kama bibi hapaswi kutumia dirisha.

"Nina miaka themanini, mwanangu," alisema Bi Sikudhani. "Nikipanda dirisha nitashukia kaburini."

Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye ulimi mwepesi na magoti mabovu, anayeuza chai na maandazi kwa yeyote anayekuja na kikombe chake. Serikali ilikuwa imemkataza kuhudhuria sherehe yoyote ya taifa, na Sefu alipouliza kwa nini, bibi aliangua kicheko, akasema ni kwa sababu ya mkojo.

Habari yenyewe aliisimulia huku akikanda unga. Siku ya meza tatu alikuwa na miaka tisa, na mdogo wake Pazi alikuwa na saba. Mama yao alikuwa kalala na homa, akawatuma wao wawili waende wakaitikie wito wa serikali. Sikudhani alikwenda na kuku wake kwapani, maana hakumwamini jirani, na karani wa dirishani ndiye peke yake aliyekubali kuandika mtu mwenye kuku. Pazi alikwenda kwenye foleni ya mlangoni kwa sababu amebanwa, akataka awe karibu na kutokea. Basi. Hiyo ndiyo siku ndugu wa tumbo moja walipokuwa makabila mawili. Na mama yao, kwa kuwa hakuandikwa kwenye meza yoyote, serikali haijawahi kukubali kwamba aliwahi kuwapo. Bi Sikudhani alishapeleka maombi mara nne aruhusiwe kuonana na ndugu yake, na mara nne alijibiwa kwamba watu wawili hawawezi kuwa ndugu bila mama.

Pazi yule sasa alikuwa ndiye Mzee Pazi, Baba wa Mlango, kiongozi wa kabila lote, mwandishi wa kitabu kinene kinachosema kwamba watu wa Mlango walitoka kaskazini, ng'ambo ya mito saba, wakiwa na malango ya shaba mabegani. Kitabu hakina mkojo, na serikali haikutaka bibi autaje.

"Tulitoka nyuma ya mashine ya kusaga," alisema Bi Sikudhani. "Malango ya shaba! Nyumba yetu ilikuwa na gunia mlangoni."

Miaka thelathini hawakuwa wamesemezana, na baada ya siku tisa ukuta ungejengwa katikati yao, urefu wa watu watatu. Bibi hakuomba makubwa. Alitaka aketi na mdogo wake mara moja, wale, aone kama bado anaacha nyama mwisho. Alimwambia Sefu amfikishie maneno hayo, kwani fundi anaruhusiwa kuingia popote. Kisha akageuka akahangaika na jiko kwa muda mrefu kuliko jiko lilivyohitaji, na Sefu, ambaye mama yake alifariki wakati yeye yuko safarini, alimwonea huruma, akaahidi atayafikisha.

Kesho yake akaanza kazi. Ukumbi ulikuwa mkubwa na mtupu, meza tatu zimewekwa palepale zilipokuwa siku ile, zimefunikwa vitambaa vya tarizi. Meza ya Mlango, taifa zima likiiapia, ilikuwa meza ya mbao laini ya kuandikia barua, ya namna ambayo Sefu angeona aibu kuiuza. Pembeni yake, juu ya kiti, alikaa Mzee Pazi mwenyewe. Sheria yao ilikuwa hivi: meza haiendi bila Mzee, na Mzee haendi bila meza. Kwa ajili hiyo mzee wa watu alikuwa hajatoka ukumbini tangu achaguliwe, mwaka wa kumi na mbili huo. Alikuwa mfupi, ameparara kwa kukosa jua, na alikuwa na vidole vya dada yake.

Sefu alisubiri mlinzi aende kusimama katikati ya mlango, akayasema yale maneno huku anapiga randa. Mzee Pazi alitazama ukutani. Akajibu kwa sauti ya kusomea hotuba kwamba hana dada, kwa kuwa mama yake hayumo kwenye daftari lolote. Sefu akaendelea na randa. Siku ya tatu, fundi anachonga ulimi wa mguu mpya uingie kwenye tundu lake, akasikia sauti ndogo juu ya kichwa chake ikiuliza kama yule bibi bado anaumwa magoti. Sefu akajibu kwamba anaumwa. Siku ya nne Mzee aliuliza kama bibi anaishi peke yake. Siku ya tano hakuuliza, alikaa tu anapangusa macho kwa pindo la kitambaa cha taifa.

Siku ya sita Sefu alichemsha gundi. Mzee Pazi aliinama akainusa, akamtazama fundi usoni kwa mara ya kwanza.

"Fundi," alisema, "gundi ya namna hii haihitaji jua?"

Haikuhitaji. Gundi ile ilikuwa inakauka vizuri kabisa kivulini, na Sefu Chambuso alikuwa hajawahi kusema uongo juu ya kazi yake tangu ashike msumeno. Lakini alimwelewa mzee.

"Inahitaji sana, Mzee," alisema. "Bila jua la siku mbili mguu huu utang'oka njiani, mbele za watu."

Habari hiyo ilizua mtafaruku. Kamati ya Kutengana iliketi saa tatu nzima kujadili kama meza inaweza kutolewa barazani, kwa sababu hakuna aliyejua baraza la ukumbi ni nchi ya nani. Watu wa Mlango walisema ni yao, kwani huwezi kufika barazani bila kupita mlangoni. Mheshimiwa wa Dirisha, yule mnene, alisema mababu zake wamekuwa wakiliona baraza lile toka dirishani kabla mtu mwingine hajaliona. Watu wa Ukuta walisema paa la baraza limeegemea ukuta, na kinachoegemea ukuta ni cha Ukuta. Mwishowe Katibu Machupa, aliyetaka kwenda kula, akafungua daftari la siku ile ya mvua na kuonyesha kwamba barazani hapakuwekwa meza. Hapana meza, hapana kabila. Hapana kabila, hapana sheria. Ikapitishwa kwamba baraza si la mtu yeyote, na kwamba Meza ya Mlango itakaa hapo siku mbili pamoja na Mzee wake, kisha Kutengana kuendelee kama kulivyopangwa.

Basi saa nne asubuhi wanaume sita wakaitoa meza hadi ukingo wa baraza uliopigwa na jua, na nyuma yake Mzee Pazi akatoka, amejikinga uso kwa mikono kwa sababu ya mwanga. Bi Sikudhani alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa chini, miguu kainyoosha, kando yake sufuria ya wali na bakuli la nyama lililofunikwa. Walinzi walitazamana. Mmoja alinyoosha kidole kusema ni marufuku, akakumbuka kwamba hapo hapana sheria, akakishusha.

Sefu alijifanya anakagua mguu wa meza. Miaka thelathini ni mingi, na kati ya wale wazee wawili palikuwa na nyumba zilizoungua na wapwa waliokufa.

"Kuku wako alitaga?" aliuliza Mzee Pazi.

"Alitaga," alisema Bi Sikudhani. "Mayai kumi na moja. Na wewe siku ile, uliwahi kufika nje?"

Baba wa Mlango, mrithi wa mito saba, alitazama walinzi, akatazama meza, akatazama miguu yake mwenyewe.

"Sikuwahi, dada," alisema. "Ilinitoka palepale kwenye foleni. Nilikuwa nimelowa mvua, ndiyo iliyonisitiri."

Bi Sikudhani alicheka hadi akashika mbavu, na Mzee Pazi akacheka, kisha akawa analia, akaketi sakafuni kwa kishindo kama mtoto. Dada yake akamvuta kichwa akakiweka begani. Wakala. Nyama aliiacha mwisho. Sefu aliona hayo yote na hakuona haya kufuta machozi kwa mkono wenye gundi, jambo ambalo alilijutia mchana kutwa.

Siku ya Kutengana ikafika na tarumbeta zake. Watu wa Dirisha walikuja na bendera, watu wa Ukuta wakaja na mbao zao mgongoni, watu wa Mlango wakajaa mlangoni. Wanaume sita wakaenda kuichukua meza. Gundi ilikuwa imekauka toka juzi. Mzee Pazi, aliyekuwa amekaa karibu na dada yake na kikombe cha chai, akasema haendi.

Wakamsihi. Wakamkumbusha mito saba. Akawaambia kwa upole kuhusu foleni na mvua, neno kwa neno, na vijana wa mbele wakaziba masikio wasisikie asili yao. Lakini sheria ni sheria, meza haiendi bila Mzee. Watu wa Dirisha nao wakakataa kuondoka kwanza, maana anayeondoka kwanza ataitwa mtoro, na anayebaki wa mwisho atarithi ukumbi. Watu wa Ukuta wakasema vivyo hivyo. Ikawa mataifa matatu mapya yamesimama juani, kila moja linangoja mengine yajitenge. Ilipofika saa saba mchana, tarumbeta zikanyamaza. Mwanamke mmoja wa Ukuta aliyekuwa ameolewa kwa siri na mtu wa Mlango akapanda barazani, akaketi. Mumewe akamfuata. Wakaja wengine, baadhi kwa mapenzi, wengi kwa ajili ya kivuli, na Bi Sikudhani akaongeza maji kwenye chai. Jioni watu mia mbili walikuwa hapo, wameegemeana, hakuna aliyeuliza mtu meza yake.

Mtu mmoja tu alikuwa na shida. Kutengana kusipokuwapo, Katibu wa Kutengana ni wa nini? Machupa alizunguka ukumbi ule mara tatu, mgongo ukutani, anafikiri. Mara ya nne alifika kwenye kona ya baraza, akauacha ukuta, akatembea katikati ya watu akiwa wima na mgongo wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Watu wakampigia makofi. Yakamwingia. Akapanda juu ya ngazi, akatangaza kwamba leo amezaliwa upya kama mtu wa Baraza. Akasema watu wa Baraza wamedharauliwa toka enzi na enzi, hawakupewa hata meza, na kwamba damu yao ni tofauti. Akasema wakati umefika wa kudai nchi yao. Sefu alitegemea watu wacheke. Nyuma kabisa kijana mmoja alipiga kofi, kisha wengine kumi, na mwingine akauliza bendera itakuwa rangi gani.

Katibu akashuka, akamjia Sefu na daftari jipya kwapani, jasho linamtiririka kwa furaha. Akamwagiza amtengenezee meza haraka, nzuri kuliko zile tatu, aanze kuandika watu kabla hawajaingia wasiohusika.

Sefu alimtazama Bi Sikudhani, ambaye alikuwa ameipua sufuria na anatafuta mahali pa kuitua, na Mzee Pazi kando yake, ameshika bakuli la nyama kwa mikono miwili, uso umemsinyaa kwa hofu.

"Mtengenezee, mwanangu," alisema bibi. "Lakini usiiwekee miguu."

Fundi akachukua ubao mpana wa mninga aliokuja nao toka Muheza, akaulaza sakafuni, akaupiga randa mara mbili tatu. Kazi ikawa imekwisha. Watu wa karibu wakasogea, wakaketi pande zote, wakanawa mikono. Katibu Machupa alichuchumaa, akaangalia pa kuwekea daftari lake, akakuta ubao wote umejaa mikono ya watu. Bibi akamwomba ampe amshikie. Kisha akalichukua taratibu mikononi mwa Katibu, akalilaza katikati ya ubao. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina moja, la Katibu mwenyewe. Sufuria ilikuwa ya moto bado, na ubao ulikuwa mpya, kwa hiyo akaitua juu ya daftari.